Maswali ya Wasomaji: Simu, Kamera na Kompyuta Mbele ya Hakimu

Safu ya mwezi huu inajibu barua kuhusu ushahidi wa kielektroniki. Wanaojibu ni wanasheria na wachunguzi wa vifaa vya kidijitali. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Usiku wa kuamkia Jumapili wezi walivunja stoo yangu. Kamera zilikuwa zinafanya kazi. Kijana wangu alirekodi kioo cha televisheni kwa simu yake, tukaipeleka video kituoni. Sasa tunaambiwa saa inayoonekana haiendani na maelezo yetu, na sura za watu hazitambuliki. Tumekosea wapi?
*Mwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, Mwanza*

Pole kwa hasara. Kosa la kwanza ni kurekodi kioo. Video ya namna hiyo ni picha ya picha. Imepoteza ubora, na imepoteza pia taarifa zilizomo ndani ya faili la asili: kamera namba ngapi, tarehe, saa, na alama zinazoonyesha kama faili limeguswa. Njia sahihi ni kutoa faili lenyewe kutoka kwenye kinasa, yaani lile boksi la DVR au NVR, kwa flashi au diski mpya, katika umbo lake la asili, pamoja na programu ya kulichezea ambayo vinasa vingi huitoa sambamba na faili. Toeni kuanzia nusu saa kabla ya tukio hadi nusu saa baada yake, na kutoka kamera zote. Mara nyingi kamera ya getini, ambayo hakuna aliyeifikiria, ndiyo iliyonasa gari.

Msichelewe. Kinasa kikijaa huanza kufuta picha za zamani ili kurekodi mpya. Kamera moja inayorekodi saa 24 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hula takriban GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni kama GB 86, kwa hiyo diski ya TB 1 inabeba siku 11 tu. Kamera nane hazifikishi hata siku sita. Anayesubiri mpelelezi arudi wiki ya pili anaweza kukuta usiku wa wizi umeshafutwa. Kama ni lazima kusubiri, zimeni kinasa na kukiweka mahali pa kufungwa kwa ufunguo, na muandike nani amekizima na saa ngapi.

Sasa hiyo saa. Vinasa vingi vinatoka China, na fundi asipobadilisha majira hubaki na saa ya Beijing, ambayo iko mbele yetu kwa saa tano. Wizi wa saa 4:40 usiku utaonekana kwenye video kuwa ni 03:40 ya siku inayofuata. Sababu nyingine ni ile betri ndogo ya kidonge ndani ya boksi: ikifa, kila umeme unapokatika saa inarudi mwanzo, na unaona video ya mwaka 2000. Msiirekebishe saa kabla ya kutoa faili! Fanyeni hivi: simameni mbele ya kinasa mkiwa na simu inayopata saa yake kutoka mtandaoni, pigeni picha inayoonyesha saa zote mbili kwa pamoja, kisha andikeni tofauti. Tofauti iliyopimwa na kuandikwa haiharibu ushahidi. Iliyofichwa ndiyo inayouharibu.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu Waswahili. Shahidi anasema “saa mbili usiku”, video inasema 20:00, na askari aliyeandika maelezo ameweka “2:00”. Wakili wa utetezi akizikuta hizo tatu, ana kazi rahisi. Andikeni kila saa kwa mfumo wa saa 24 na kwa Kiswahili pamoja: 20:00, saa mbili usiku.

Kuhusu sura, kiwango cha Ulaya EN 62676-4 kinataka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo ili kumtambulisha mtu msiyemjua, na 125 kwa mtu mnayemfahamu. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa hiyo ikitazama upana unaozidi mita saba na nusu hivi haifikii hizo 250. Hakuna kompyuta inayoweza kurudisha sura ambayo kamera haikuinasa. Programu za akili mnemba “zinazosafisha” picha hubuni sura inayofanana na ya binadamu, na hiyo si sura ya mwizi. Angalieni pia rangi za nguo: kamera ya usiku inayotumia mwanga wa infraredi inaweza kuonyesha shati jeusi kuwa jeupe, kutegemea rangi iliyotumika kiwandani. Shahidi aliyesema “alivaa nyeusi” huenda hakusema uongo.

Shikamooni. Kuna mtu ananitumia vitisho WhatsApp na kusema atasambaza picha zangu. Nimepiga skrinishoti zote, kisha nikamfungia na kufuta mazungumzo ili nipate amani. Rafiki yangu anasema skrinishoti si ushahidi. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Marahaba, na pole sana mwanetu. Si kweli kwamba skrinishoti haifai kabisa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 18, inasema ujumbe wa data haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Swali linakuwa uzito wake. Mahakama inatazama kama njia ya kuutengeneza, kuutunza na kuutuma inaaminika, kama umebaki mzima bila kuguswa, na kama aliyeutuma anatambulika.

Udhaifu wa skrinishoti uko kwenye hilo la mwisho. Jina linaloonekana juu ni lile ulilolihifadhi wewe kwenye simu yako. Mtu anaweza kuihifadhi namba ya mdogo wake kwa jina la adui, wakaandikiana vitisho, akapiga picha. Ndiyo maana picha lazima iambatane na ukurasa wa mawasiliano unaoonyesha namba kamili yenye +255, tarehe ya kila ujumbe, na mazungumzo yenyewe kwa mfululizo bila kuruka.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni simu yenyewe. WhatsApp huhifadhi ujumbe katika hifadhidata ndani ya simu, na ujumbe uliofutwa wakati mwingine hubaki humo kwa muda mpaka nafasi yake ichukuliwe na kingine. Kwa hiyo usiiuze simu, usiirudishe kwenye hali ya kiwandani, usiondoe WhatsApp na kuiweka upya, na usimpe fundi wa mtaani ajaribu kurejesha. Akikosea anafuta kilichobaki. Kama hifadhi ya akiba ya Google Drive au iCloud ilifanyika kabla hujafuta, mwambie mpelelezi, na uzime kwanza hifadhi ya kila usiku kabla nakala mpya haijafunika ya zamani.

Wasomaji wengine mnaopitia haya: kabla ya kumfungia mtu, tumieni chaguo la WhatsApp la kutoa nakala ya mazungumzo yote. Linatoa hadi ujumbe 10,000 wa karibuni pamoja na picha, au 40,000 bila picha. Na mkitaka kumpelekea mtu picha bila kuiharibu, itumeni kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na kuondoa taarifa za ndani kama tarehe na mahali ilipopigwa.

Usihangaike kuandikia kampuni ikupe maneno aliyoandika. Ujumbe umesimbwa kati ya simu na simu, hivyo maneno yenyewe hawana. Nenda polisi, unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Omba namba ya RB, yaani ya taarifa yako katika kitabu cha kituo, na uitunze.

Nilitumiwa ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, nikidhani ni mwenye nyumba, nikatuma. Polisi wamekuta laini imesajiliwa kwa bibi wa kijijini asiyejua lolote. Je, kesi imekufa?
*Mama mfanyabiashara, Morogoro*

Haijafa, mama. Usajili kwa alama za vidole unaonyesha kidole cha nani kiliwekwa siku ya kusajili. Hauonyeshi nani alikuwa ameishika simu. Mawakala wasio waaminifu humwambia mzee “weka tena kidole, mashine imekataa”, na ile mara ya pili inasajili laini nyingine. Kila mmoja apige *106# aone ni laini ngapi ziko kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Mpelelezi anayejua kazi anafuata vitu vitatu. Kwanza fedha: zilitolewa kwa wakala gani, saa ngapi, na je, duka la jirani lina kamera? Pili ni kifaa: kila simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15 (bonyeza *#06# uione ya kwako), na laini ya bibi iliwekwa kwenye simu fulani. Katika simu hiyohiyo, wiki ile, huenda iliingizwa laini nyingine, na hiyo ndiyo ya mwizi mwenyewe. Tatu ni namba alizopigia. Hata tapeli humpigia mama yake.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mawakili. Tarakimu ya 15 ya IMEI ni ya kuhakiki tu na simu haiitumi mtandaoni, kwa hiyo kwenye orodha za kampuni ya simu mara nyingi inaonekana sifuri. Tarakimu 14 za mwanzo zikilingana, simu ni ileile.

Kwa upande wako, usifute ujumbe ule wala ule wa uthibitisho wa muamala. Chukua taarifa ya miamala kutoka kwa mtoa huduma, kwa sababu meseji ya muamala inaweza kughushiwa lakini kumbukumbu za mtoa huduma ziko nje ya mkono wako na wa mshtakiwa. Ripoti namba ya tapeli kwa kuituma 15040.

Nguo zenye damu au majimaji ziwekwe wapi kabla ya kufika polisi?
*Mjumbe wa serikali ya mtaa, Tanga*

Katika karatasi: bahasha kubwa au mfuko wa kaki, kila nguo mfuko wake. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, kuvu na bakteria huota, na vinasaba huharibika. Kama nguo imelowa, ianikwe kivulini ikauke kabla ya kufungwa, isiwekwe juani. Isifuliwe. Aliyebakwa asioge wala kubadilisha nguo ikiwezekana, na afike hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, kwa ajili ya sampuli na pia kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU, ambazo ukomo wake ni hizohizo saa 72. Hata akichelewa au akiwa ameshaoga, aende.

Sampuli hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Jibu la vinasaba linasema ni vya nani. Halisemi viliachwa lini wala kwa nini.

Kaka yangu alikamatwa, simu yake ikachukuliwa ikiwa imewaka. Askari waliifungua palepale, wakasoma meseji mbele yetu. Baadaye tulisikia ilikaa mezani kituoni siku kadhaa. Hilo lina maana yoyote kisheria?
*Dada, Mbeya*

Lina maana kubwa, na tunalijibu kwa urefu kwa sababu askari nao husoma safu hii.

Simu iliyowaka ni kitu kinachobadilika kila dakika. Meseji inaingia, WhatsApp inajisasisha, mtu wa mbali anaweza kutuma amri ya kufuta kila kitu. Kuifungua na kuperuzi kunabadilisha kumbukumbu za lini faili lilisomwa mara ya mwisho, na ujumbe uliokuwa haujasomwa unakuwa umesomwa. Baada ya hapo nani atajua kama ni mshtakiwa aliyeusoma au ni askari?

Utaratibu unaokubalika ni huu. Simu iliyowaka ibaki imewaka, iliyozimwa ibaki imezimwa. Iliyowaka iwekwe kwenye hali ya ndegeni, na Wi-Fi na Bluetooth zihakikishwe zimezimwa. Kutoa laini peke yake hakutoshi. Kisha iingie kwenye mfuko wa Faraday, unaozuia mawimbi. Humo ndani, simu ambayo haikuwekwa hali ya ndegeni huhangaika kutafuta mtandao na kumaliza chaji haraka, kwa hiyo iingizwe pamoja na pawabanki. Ikizima na kuwashwa upya, funguo zake za usimbaji hazipo tena kwenye kumbukumbu mpaka nywila iwekwe, na maabara inapata kidogo sana. Tangu mwishoni mwa 2024 iPhone zenye mfumo mpya hujiwasha upya zenyewe zikikaa siku tatu bila kufunguliwa. Siku kadhaa mezani si uzembe mdogo.

Maabarani, mchunguzi anatoa nakala kwa vifaa maalumu na kuipiga hesabu inayotoa alama iitwayo heshi. Ile ya SHA-256 ina herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja kwenye faili, heshi yote inageuka. Uchunguzi unafanywa kwenye nakala, na siku ya kesi heshi ikipigwa tena lazima itoke ileile. Ripoti isiyo na heshi inamtaka hakimu aamini kwa macho tu.

Na karatasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba au jamaa yake na ya mashahidi kama wapo. Kisha kila mkono uliopokea simu uandikwe: nani, lini, kutoka kwa nani, kwa kazi gani. Mahakama ya Rufani ililieleza hili wazi katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007: kumbukumbu za maandishi, kwa mpangilio wa wakati, tangu kitu kinapokamatwa, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa, hadi mwisho wake. Baadaye Mahakama hiyo imekuwa ikilegeza sharti hili kwa vitu visivyobadilika kirahisi. Data za simu, kwa maoni yetu, ziko mbali kabisa na kundi hilo.

Wakili wa kaka yako aombe hati ya ukamataji, daftari la vielelezo na ripoti ya maabara, aweke saa zake mstari mmoja, atafute pengo. Ripoti ikipokelewa kama kielelezo lazima isomwe mahakamani, na isisomwe kabla ya kupokelewa. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 2003, na bado vielelezo vinaondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu hiyo.

Upande wa mashtaka unasema “mnara wa simu unaonyesha alikuwa eneo la tukio”. Mnara unaweza kuonyesha hivyo?
*Wakili mchanga, Dar es Salaam*

Unaonyesha simu, si mtu, na unaonyesha eneo, si nyumba. Orodha ya mawasiliano inayotoka kampuni ya simu ina namba mbili, muda, urefu wa maongezi, IMEI na utambulisho wa antena. Maneno yaliyozungumzwa hayamo. Antena za kawaida hugawa mduara katika vipande vitatu vya nyuzi 120. Mjini kipande kinaweza kufika mita mia chache. Kijijini, kwa teknolojia ya 2G, mpaka kilomita 35.

Tena simu haichagui mnara ulio karibu, huchagua mawimbi yanayoifikia vizuri. Maji hayana majengo ya kuzuia, kwa hiyo simu iliyoko Kigamboni inaweza kushika antena ya Posta, ng'ambo ya maji. Mnara ukielemewa au umeme ukikatika, simu huhamia wa jirani.

Muulize shahidi wa kampuni: antena ilielekea wapi tarehe ile, na kuna kipimo chochote cha mawimbi kilichofanywa eneo la tukio? Saa za orodha ni za Afrika Mashariki au za UTC, ile saa ya kimataifa? Ushahidi huu una nguvu ya kweli pale unapoonyesha mwendo, mnara baada ya mnara kando ya barabara, au unapovunja madai ya “nilikuwa Arusha”.

Mimi ni keshia. Mfumo wa kompyuta unaonyesha upungufu, mwajiri anasema kompyuta haikosei.
*Msomaji, Moshi*

Inakosea, na kuna watu waliofungwa kwa imani hiyo. Nchini Uingereza, mfumo wa Horizon uliotengenezwa na Fujitsu ulionyesha upungufu wa fedha katika matawi ya posta. Sheria ya huko, tangu 1999, ilidhani kompyuta iko sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na aliyetakiwa kuthibitisha ni mtu asiyeruhusiwa kuona ndani ya mfumo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu 39 kwa mkupuo, na 2024 Bunge likatunga sheria kufuta zilizobaki kwa wingi. Ilibainika pia kuwa wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za tawi kwa mbali.

Kifungu cha 18 cha Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki nacho kina dhana ya uhalisi wa mfumo, ila inategemea kuwepo ushahidi kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa wakati husika, au kwamba kumbukumbu zilitunzwa na upande wenye maslahi kinyume na ya anayeuleta ushahidi huo, au na mtu wa nje katika shughuli zake za kawaida. Shikilia hapo. Omba kwa maandishi kumbukumbu za ndani za mfumo: jina gani la mtumiaji liliingia, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi. Nani mwingine alijua nywila yako? Kuna msimamizi anayeweza kuingia kwa mbali? Umeme ulikatika wakati wa muamala, ukaandikwa mara mbili? Linganisha na taarifa ya benki na ya pesa za simu, mstari kwa mstari. Na usisaini karatasi ya “nakiri kupungukiwa” ili mambo yaishe. Huko Uingereza wapo waliokiri ili wasifungwe.

Hamjambo huko. Sisi Kenya tunadaiwa cheti cha video. Nani anakitia sahihi?
*Mwenye duka la dawa, Mombasa*

Hatujambo. Ni cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kinatiwa sahihi na mtu mwenye wadhifa juu ya kifaa au shughuli yenyewe: kwa duka lako, wewe au fundi anayekisimamia kinasa. Afisa wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, aliyepokea diski anaweza kutoa chake kwa kazi aliyoifanya yeye, lakini hawezi kusema kinasa chako kilikuwa kizima usiku ule.

Kitaje rekodi yenyewe na jinsi ilivyotolewa, kifaa (aina, modeli, namba ya utambulisho ya kiwandani, yaani serial number), na kieleze kuwa kilitumika kila siku kwa shughuli zako na kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Kama kilikuwa na hitilafu, ieleze na useme kwa nini haikuathiri rekodi. Ongeza heshi ya faili na tofauti ya saa. Kifungu cha 78A kilichoingizwa mwaka 2014 kimelegeza masharti kiasi, ila mahakama zimeendelea kukataa video zisizo na cheti, kwa hiyo kiandae siku ileile unapomkabidhi mpelelezi diski, ukiwa bado na boksi mbele yako na namba zake unazisoma.